Mujarabu na Majaribio: Uhakiki wa Dhana ya Ujarabati katika Lugha ya Tiba ya Kinondoni na Temeke

Ikisiri

Makala hii inahakiki dhana ya ujarabati, yaani msimamo kwamba chanzo na kipimo cha maarifa ni yale yanayopatikana kwa milango ya fahamu na kwa kujaribu. Dhana hiyo inatazamwa kupitia maneno ambayo wazungumzaji wa Kiswahili wanayo tayari: majaribio, mujarabu, tajiriba, uzoefu na ushuhuda. Mifano mingi inatokana na lugha ya tiba katika mitaa ya Kinondoni na Temeke, jijini Dar es Salaam. Hoja kuu ni kwamba mujarabu na majaribio, maneno mawili ya mzizi mmoja, yameachana kimaana kiasi cha kukaribia kupingana, na kwamba kuachana huko kuna gharama kwa mgonjwa na kwa taaluma.

Neno lililopoteza mtenda

Anayesafiri kwa daladala kutoka Manzese hadi Magomeni, au kutoka Mtoni kwenda Mbagala Rangi Tatu kwa Barabara ya Kilwa, husoma njiani utanzu wa maandishi ambao wahakiki wa fasihi ya mtaani hawajaupa uzito unaostahili. Ni vibao vya waganga, vilivyopigiliwa misumari kwenye nguzo za umeme au kupakwa rangi ukutani. Muundo wake ni ule ule: cheo cha mganga (Dokta, Sheikh, Maalimu, Babu), mahali alikotoka, orodha ya maradhi na mikosi anayoiondoa, kisha namba ya simu. Katika orodha hiyo kisukari, vidonda vya tumbo, nguvu za kiume, mvuto wa biashara na mpenzi aliyeondoka vimepangwa pamoja bila mpaka. Kinachoviunganisha ni sifa moja inayopewa dawa: ni mujarabu.

Neno hili limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, ambako mujarrab ni kitendwa cha kitenzi jarraba, yaani kujaribu. Dawa iliyo mujarrab ni dawa iliyojaribiwa. Kiswahili kina mzizi huo huo katika jaribu, jaribio na tajiriba, lakini mujarabu limekuja likiwa limefungwa: halipokei viambishi vya upatanisho, halionyeshi njeo, wala halina alama ya utendwa inayotambulika na mzungumzaji. Matokeo yake ni kwamba leo mujarabu humaanisha “yenye kufaa kwa hakika”. Tendo la kujaribu limetoweka, limebaki tokeo lake tu.

Tofauti hii inaonekana wazi neno hilo likiwekwa kando ya kirai cha Kibantu dawa iliyojaribiwa. Kiambishi -w- kinaacha mlango wazi. Msikilizaji anaweza kuuliza, kwa sarufi ile ile: na nani? Lini? Kwa wagonjwa wangapi? Walinganishwa na nani? Kirai dawa mujarabu hakitoi nafasi ya maswali hayo, kwa kuwa hakuna kitenzi cha kuyabeba. Si kwamba mwandishi wa kibao amedanganya. Sarufi imemsamehe jukumu la kumtaja mtenda, na msomaji amezoea kutomdai.

Upande wa pili wa mzizi huo umekwenda njia nyingine kabisa. Majaribio, katika matumizi ya kila siku, ni hali ya kutokuwa na hakika. Gari huwa katika majaribio kabla ya kuaminiwa. Mfanyakazi mpya huwa katika kipindi cha majaribio kabla ya kuthibitishwa. Pacha wake, majaribu, ni neno la mimbari, lenye maana ya misukosuko na vishawishi. Hivyo kirai dawa ya majaribio hubeba kivuli cha hatari, na mtu akisema kwamba watu wa Temeke “wanafanyiwa majaribio”, anayesikia huelewa kuwa wanaonewa. Kihistoria shaka hiyo ina sababu zake, maana utafiti wa tiba katika Afrika ya kikoloni haukuwa na desturi ya kuomba ridhaa. Ajabu ya kiisimu ni kwamba dawa mujarabu, ambayo kwa asili ni dawa iliyomaliza majaribio, inapendwa na wale wale wanaoyakimbia majaribio yenyewe.

Mfano wa kifua kikuu unatosha kuonyesha ukubwa wa pengo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wagonjwa wa kifua kikuu kutoka Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia walishiriki katika jaribio la mabaraza ya utafiti wa tiba ya Afrika Mashariki na Uingereza. Jaribio hilo lililinganisha matibabu ya miezi 6 na yale ya miezi 18 yaliyokuwa ya kawaida wakati huo, na ripoti yake ya kwanza ilichapishwa mwaka 1972. Baadaye, kuanzia mwaka 1977, Karel Styblo na mpango wa taifa wa Tanzania walijenga mfumo wa ufuatiliaji wa wagonjwa ambao ulikuja kuwa kielelezo kwa Shirika la Afya Duniani. Mgonjwa anayepokea vidonge vyake leo katika hospitali ya Temeke au Mwananyamala anapokea kitu kilichojaribiwa kwa maana kamili ya neno, tena kilichojaribiwa na watu wa ukanda wake. Hata hivyo hakuna anayeviita mujarabu. Huitwa “dozi”.

Nasaba ya dhana

Wanafunzi wengi wa uzamili hufundishwa kwamba ujarabati ulianza na John Locke. Simulizi hiyo ni fupi mno. Neno la Kiyunani empeiria lilikuwa na makao katika tiba kabla ya kutawala falsafa. Kuanzia karne ya 3 kabla ya Kristo palikuwa na kundi la matabibu walioitwa Waempiriki, waliokataa kubahatisha juu ya visababishi vilivyofichika mwilini. Walisimama juu ya nguzo tatu: yale tabibu aliyoyaona mwenyewe, yale yaliyoripotiwa na wengine waliotangulia, na kuhama kutoka ugonjwa unaojulikana kwenda kwa unaofanana nao. Galeni aliandika kitabu juu ya mjadala wao na wapinzani wao, nacho kimehifadhiwa kikamilifu katika tafsiri ya Kiarabu tu. Katika tafsiri hiyo empeiria ni tajriba. Kwa hiyo tajiriba ya Kiswahili si kisawe kilichobuniwa na kamati ya istilahi. Ni mjukuu halali wa mjadala wenyewe.

Ndani ya mapokeo hayo ya Kiarabu, kujaribu hakukuwa jambo la kupuuza. Ibn Sina, katika kitabu cha pili cha Kanuni ya tiba, aliweka masharti 7 ya kuijua nguvu ya dawa kwa tajriba. Miongoni mwake ni kwamba dawa isiwe na sifa ya kupita, kama vile joto la moto. Ijaribiwe kwa ugonjwa mmoja usiochanganyika na mwingine. Ijaribiwe kwa magonjwa mawili yanayopingana. Wakati wa kufanya kazi kwake uangaliwe. Tokeo lake lijirudie daima au mara nyingi. Na ijaribiwe kwa mwili wa binadamu, kwa kuwa linaloonekana kwa mnyama huenda lisionekane kwa mtu. Mhakiki anayedai kwamba mahitaji ya ushahidi ni kitu cha kigeni kilicholetwa na hospitali za kikoloni anapaswa kueleza masharti haya yalitoka wapi.

Lakini mapokeo hayo yalizaa pia utanzu mwingine, ule wa mujarrabat: vitabu vya matabano, dua, majedwali ya herufi na tiba za mimea, ambavyo kila fomula ndani yake huweza kufungwa kwa tamko fupi kwamba imejaribiwa na ni sahihi. Kile cha Ahmad al-Dayrabi, mwanachuoni wa Misri aliyefariki katika nusu ya kwanza ya karne ya 18, kimekuwa mikononi mwa waganga wa kitabu wa pwani ya Afrika Mashariki kwa muda mrefu. Ndimo mujarabu lilimojifunza tabia yake ya sasa. Katika utanzu huo neno halisimulii jaribio lolote. Hufanya kazi ya muhuri. Kibao cha Mbagala ni ukurasa wa mwisho wa mapokeo hayo, na asiyelijua hilo hukiona kama utapeli mtupu wa mjini.

Lugha za Ulaya zilipita njia ya kinyume. Kwa Kiingereza cha zamani, neno empiric lilimaanisha tabibu wa mtaani asiye na elimu, na lilitumika kama tusi. Heshima ya neno ilipanda baadaye, sambamba na heshima ya majaribio. Locke mwenyewe alikuwa tabibu, rafiki wa Thomas Sydenham, na ni vigumu kuisoma falsafa yake juu ya akili isiyo na maarifa ya kuzaliwa bila kumwona mtu aliyekaa kando ya vitanda vya wagonjwa.

David Hume ndiye anayewahusu zaidi wanaisimu wa Kiswahili, ingawa hatajwi mara nyingi katika majarida yao. Hoja yake, iliyotolewa mwaka 1739 na kurudiwa mwaka 1748, ni kwamba hakuna anayeona sababu ikizalisha tokeo. Kinachoonekana ni mambo mawili yanayofuatana mara kwa mara, na akili, kwa mazoea, hulitarajia la pili linapotokea la kwanza. Kiswahili kina neno kwa hali hiyo, tena chenyewe kimeliweka mahali pake: uzoefu na mazoea ni watoto wa kitenzi kimoja, zoea. Uzoefu husifiwa katika tangazo la kazi. Mazoea hulaumiwa na kila mzee. Mzungumzaji wa Kiswahili anajua kwa sarufi yake kile ambacho Hume alihitaji kurasa nyingi kukieleza, kwamba umbali kati ya maarifa na desturi ni kiambishi tu. Pengine si bahati kwamba Edwin Semzaba, katika tamthiliya yake juu ya karani wa sensa, alimwita Mazoea yule msichana anayemfanya Ngoswe asahau kuhesabu watu, na kwamba mwisho wa mchezo makaratasi ya takwimu yanaungua.

Homa

Mahali ambapo tofauti kati ya uzoefu na jaribio ina bei inayolipwa na watoto ni kwenye neno homa. Kwa miongo mingi, mtoto aliyefikishwa kwenye zahanati ya Tandale au Yombo akiwa na joto alipewa dawa ya malaria. Katika Kiingereza cha matabibu, utaratibu huo wa kutibu kabla ya kupima huitwa matibabu ya kiempiriki. Hapa mtafsiri anakabiliwa na mtego. Akiandika tiba ya kijarabati, msomaji wa Kiswahili ataelewa tiba iliyothibitishwa kwa majaribio, wakati kinachokusudiwa ni tiba iliyotolewa kwa kukisia, kwa kutegemea uzoefu wa tabibu. Tiba ya kukisia, au tiba kwa dalili, ni tafsiri duni kwa sauti lakini ya kweli kwa maana.

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kutibiwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, uliowachunguza watoto 1,005 wenye homa katika Dar es Salaam na Ifakara, ulionyesha kwamba malaria ilikuwa kwa karibu mtoto 1 kati ya 10. Wengi walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, na sehemu kubwa ya magonjwa ilisababishwa na virusi. Uzoefu wa vizazi viwili vya matabibu ulikuwa umesimama juu ya mfuatano wa kweli: mtoto alikuwa na joto, akapewa dawa, akapona. Mfuatano haukuwa wa uongo. Angepona hata bila dawa ile.

Kiisimu, tatizo lilikuwa ndani ya neno. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo katika miaka ya 1990 walibaini kwamba istilahi za wenyeji kwa magonjwa ya homa hazikulingana na mgawanyo wa hospitali, na kwamba degedege lilihesabiwa kuwa ugonjwa wa aina yake, wenye tiba yake nje ya hospitali. Mjini Dar es Salaam homa ilifanya kazi nyingine: ilitumika kama kisawe cha malaria. Kipimo cha haraka kilipofika, kikakuta lugha imekwisha kutoa majibu. Ndiyo maana husikika kauli kwamba malaria “imejificha” au kwamba kipimo “hakikuiona”. Kauli hizo zisichekwe. Zinaeleza kwa usahihi msimamo wa mtu ambaye ushahidi wake wa miaka yote umekanushwa na kikaratasi chenye mstari mmoja, na ambaye hakuelezwa kwa lugha yake kwa nini kikaratasi kiaminiwe kuliko macho yake.

Ushuhuda na wasioshuhudia

Kundi jingine la maneno limejengwa juu ya mzizi wa kushuhudia. Ushahidi ni wa mahakamani na maabarani. Ushuhuda ni wa kanisani na mtaani. Mikutano ya injili katika viwanja vya Tanganyika Packers, Kawe, ina kipengele chake maalumu cha shuhuda, na kanuni zake za kisanaa zinastahili uchambuzi wa wataalamu wa fasihi simulizi: hali ya awali ya kukata tamaa, orodha ya hospitali zilizoshindwa, tukio la ghafla, na mwili ulio jukwaani kama hoja ya mwisho.

Mwaka 2011 utanzu huo ulitoka jukwaani ukasafiri kwa basi. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, aliyekuwa akigawa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500 katika kijiji cha Samunge, Loliondo, alipokea umati kutoka nchi nzima na nje ya nchi. Wakazi wa Dar es Salaam walifunga safari ya mamia ya kilomita. Kilichowavuta kilikuwa masimulizi ya jirani aliyekwenda akarudi, na uzito wa masimulizi hayo ulikuwa wa kijarabati kwa namna yake: jirani ameona, hakuhadithiwa.

Waarabu wana methali inayoshauri kumuuliza aliyejaribu badala ya tabibu. Kiswahili nacho husema aisifuye mvua imemnyea. Methali zote mbili zinampa kipaumbele mwenye tajiriba. Lakini Kiswahili kina methali nyingine inayopaswa kusomwa pamoja na hizo, nayo ni kali zaidi: adhabu ya kaburi aijua maiti. Kwa kawaida hufafanuliwa kuwa mwenye shida ndiye aijuaye shida yake. Ina maana nyingine ya kielimu isiyozingatiwa. Mjuzi kamili kuliko wote hawezi kuhojiwa. Kila mkusanyiko wa shuhuda una kasoro hiyo: waliopona hupanda jukwaani, waliokufa hawapandi, na aliyeacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI baada ya kunywa kikombe harudi Samunge kutoa taarifa. Jaribio lenye kundi la kulinganisha ni njia ya kuwahesabu wasioweza kusema. Falsafa ya jambo hilo imo katika methali ya Waswahili, ila haijatumika kulifundishia.

Taasisi zimejaribu kuziba pengo hili kwa njia zake. Kitengo cha utafiti wa tiba asili kilianzishwa Muhimbili mwaka 1974 na kuwa taasisi kamili mwaka 1991; Sheria Na. 23 ya mwaka 2002 ikaunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Sheria hiyo imeleta pia msamiati mpya kwenye vibao: imesajiliwa, imethibitishwa. Vitenzi vyote viwili vina -w-, na hilo ni jema, kwa sababu sasa swali “na nani?” linaulizika. Hatari ni kwamba visije navyo vikageuka mihuri. Usajili wa mganga si uthibitisho wa dawa yake, na lugha ya kibao huchanganya mambo hayo mawili bila kuvunja kanuni yoyote ya sarufi.

Barafu ya Magamba

Mfano wa Erasto Mpemba hutajwa mara nyingi kwa fahari na kwa nadra hutajwa kwa makini. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Magamba, aliona mchanganyiko wa moto wa maziwa ukiganda kabla ya ule uliopoa. Mwalimu wake alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa Chuo Kikuu kishiriki cha Dar es Salaam, ambaye hakumcheka, alikwenda akajaribu. Osborne amesimulia kwamba fundi wa maabara alimletea taarifa kuwa maji ya moto yameganda kwanza, akaahidi kuendelea kurudia mpaka yapatikane matokeo sahihi. Makala yao ilichapishwa mwaka 1969.

Fundi huyo anastahili kukumbukwa kuliko alivyokumbukwa. Alikuwa na vifaa vyote vya ujarabati, kipimajoto, jokofu na saa, na bado akili yake ilikuwa ya muhuri: jibu lipo, jaribio litafute njia ya kulifikia. Mwaka 2016 wanafizikia wengine walichapisha vipimo vinavyotilia shaka kuwapo kwa athari hiyo, na mjadala unaendelea. Hilo halimpunguzii Mpemba chochote. Alichokitoa kilikuwa swali lililojaribika, na swali la namna hiyo halitarajiwi kuwa mujarabu.

Ujarabati wa bandia

Uhakiki huu hauwezi kuwapita wahakiki wenyewe. Katika tasnifu za fasihi ya Kiswahili za miaka ya karibuni imezoeleka kuwa utafiti usio na “data za uwandani” si utafiti. Mwanafunzi anayechambua sitiari katika riwaya huandaa hojaji, huteua sampuli ya watoataarifa 30 kutoka Tandika na Sinza, huwauliza kama riwaya ina sitiari, kisha huchora jedwali la asilimia. Asilimia hizo hazipimi sitiari. Zinapima adabu ya watoataarifa kwa mwanafunzi aliyewasumbua mchana. Matini, ambayo ndiyo kitu pekee kinachoonekana na kila mtu na kinachoweza kumkanusha mhakiki, huachwa rafuni. Ujarabati wa kweli katika uhakiki ungekuwa kuisoma matini kwa namna inayoruhusu msomaji mwingine aonyeshe mstari unaovunja dai. Kinachodaiwa na kanuni za vyuo ni umbo la jaribio bila hatari ya kushindwa, na huko ni kurudi kwa mujarabu kwa mlango wa nyuma, safari hii likiwa limevaa joho.

Ugumu unaobaki ni wa watafsiri, na ni wa haraka. Fomu ya ridhaa inayosomewa mama aliyekaa kwenye benchi la zahanati ya Temeke hulazimika kutaja kitu ambacho mtoto wake atafanyiwa. Mtafsiri akiandika majaribio, mama husikia hatari na huenda akanyanyuka. Akiandika utafiti, mama hutulia, kwa sababu utafiti kwake ni watu wanaouliza maswali na kuandika; hajaambiwa kwamba dawa haijulikani kama inafaa, wala kwamba bahati nasibu ndiyo itakayoamua mtoto apate ipi. Neno la kwanza linamtisha kupita kiasi cha ukweli, la pili linamficha ukweli. Njia ya tatu ni ndefu na haina uzuri wa istilahi: dawa hii bado inajaribiwa, watoto kadhaa wamekwisha kuipata na haya ndiyo yaliyowapata, mtoto wako anaweza kupewa hii au ile ya kawaida, hakuna ajuaye bado ipi ni bora. Sentensi hizo nne hazitoshi katika nafasi iliyoachwa kwenye fomu nyingi.